Sangara wangu kageuka uji mbele ya wakwe: tatizo ni samaki, ni duka au ni mimi?

#1 Bwana_Sufuria

Wakuu, salaam. Nimeaibika, naeleza kama ilivyokuwa.

Mimi mtu wa Tabata, nimekulia kwenye samaki wa bahari, vibua na changu. Mke wangu kwao Sengerema, Mwanza, ziwani kwenye sangara wenyewe. Wakwe wamekuja mjini kwa ajili ya msiba wa ndugu yao, nami nikajitia kimbelembele: Jumapili jikoni naingia mimi, nawapikia sangara. Jumamosi jioni nikaenda duka moja la samaki wa barafu, nikachukua sangara wa kilo tatu, 36,000. Mgumu kama gogo, tumbo limeshapasuliwa. Nyumbani nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto barafu iachie, nikamkata mapande, nikamwosha maji manne mpaka maji yakatoka meupe, nikamkamulia ndimu nane na kitunguu swaumu, nikamlaza kwenye friji mpaka asubuhi.

Asubuhi mafuta yaliruka mpaka ukutani. Vipande vikang'ang'ania kikaango, nikigeuza vinakatika. Nikasema si kitu, ngoja nivitie kwenye nazi. Nusu saa baadaye nina uji wa samaki. Na ile harufu! Siyo shombo ya kawaida, ni kama mafuta ya kupikia yaliyosahaulika dirishani mwezi mzima.

Baba mkwe akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu alikufa lini?"

Jumapili hii wanapita tena kabla ya kurudi. Nataka sangara huyohuyo, sitaki mtu aniambie nipike kuku. Nimekosea wapi?

#2 Kiti_Cha_Mbele

Ngoja waje watu wa Kanda ya Ziwa. Naweka kambi hapa.

#3 Mpwani_Halisi

Pole mkuu, ila ukweli usemwe. Sangara si samaki, ni sponji lenye mafuta. Shuka Feri alfajiri, nunua changu, wakwe watakusifu mpaka uone haya.

#4 Mkwaruzo

Mpwani, unamtukana samaki uliyekutana naye akiwa marehemu wa wiki tatu. Nimefanya kazi kiwanda cha minofu Mwanza miaka sita, kisu mkononi, nasema ninachokijua.

Bwana_Sufuria, kabla sijakujibu nijibu wewe:

Macho yake yalikuwaje? Ukutani mwa tumbo kulikuwa na rangi gani, nyeupe au njano? Ulipomtoa kwenye mfuko kulikuwa na vumbi la barafu ndani? Na zile nyama za tumbo zenye mafuta uliziondoa au ulipika zote?

#5 Bwana_Sufuria

Macho yameingia ndani, yana ukungu. Tumbo njano njano, nikadhani ndiyo rangi yake. Mfukoni barafu ilikuwa imejaa kama theluji, na upande mmoja ngozi ina mabaka meupe makavu. Nyama za tumbo nimepika zote, nililipia zote!

#6 Mkwaruzo

Basi kesi imekwisha nusu. Nusu ni duka, nusu ni wewe. Tuanze na duka.

Theluji ndani ya mfuko ni maji yaliyotoka kwenye nyama ya samaki mwenyewe. Inajaa pale samaki anapokaa sana kwenye friza au friza inapozimwa na kuwashwa, anayeyuka kidogo na kuganda tena. Kila akiganda upya, maji yanajikusanya kuwa vipande vya barafu vyenye ncha, vinapasua nyama kwa ndani. Ukija kumyeyusha maji yote yanatoka, inabaki nyama iliyolegea. Yale mabaka makavu ni mahali baridi lilipomfyonza maji mpaka akakauka. Hapo hata upike na nani, utafuna pamba.

Ile njano sasa. Sangara ana mafuta mengi, na ghala lake ni tumboni. Mafuta ya samaki yanachacha haraka kuliko nyama, na friza haizuii, inachelewesha tu. Yakichacha yanageuka njano na kutoa hiyo harufu ya mafuta ya zamani. Ungekata ule ukanda wa tumbo ukautupa, ungepunguza nusu ya aibu yako.

Na kwa nini alishapasuliwa tumbo? Bondo. Mnunuzi wa mjini hajui kwamba ule mfuko wa hewa wa sangara unauzwa peke yake, unakaushwa na kwenda China, na kilo ya mabondo inaipita mbali kilo ya samaki mwenyewe. Kwa hiyo sangara mkubwa huwa kashafunguliwa mapema. Siyo vibaya, kumtoa utumbo mapema ni afya kwake, ila akishafunguliwa anatakiwa ajazwe barafu tumboni saa hiyohiyo. Wengi wanatoa bondo, barafu wanamwaga juu tu, tumbo linakaa na joto na damu yake. Uozo unaanzia humo.

#7 Kisu_Butu

Mkuu, shule hii hailipiwi. Kumbe bondo ndiyo siri.

#8 Mkwaruzo

Naendelea. Jinsi ya kununua.

Usiende siku unayotaka wewe, nenda siku anayoshusha muuzaji. Mwanza mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, sangara anasafiri kwenye kasha la barafu. Muulize muuzaji: mzigo unaingia lini? Anayejua kazi atakutajia siku bila kufikiri. Anayesema "kila siku wapo" maana yake wapo tangu majuzi. Mchukue wa barafu, siyo wa friza, ukimpata.

Jicho: la sangara mzima ni jeusi, limezungukwa na duara la njano linalong'aa, limejaa mpaka linatokeza. Likiingia ndani, mwache.

Mashavu, yale mekundu anayopumulia: funua lile bamba la shavu, lakini taratibu, pale pana mwiba utakuchana kidole. Ndani pawe pekundu. Hapa watu wengi hukosea: sangara aliyelala kwenye barafu inayoyeyuka, maji humwosha mashavu yakapauka hata kama yeye mwenyewe ni mzima. Kwa hiyo usihukumu kwa rangi tu. Ingiza pua. Aliye sawa ananukia ziwa, maji na majani. Aliyechina ananukia uchachu.

Nyama: bonyeza kwa dole gumba mgongoni. Shimo lirudi. Likibaki kama umebonyeza ugali, asante, kwaheri.

Na kama muuzaji ni mtu wa ziwani muulize alivuliwa kwa nyavu au kwa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Wa migonzo anatoka kwenye ndoana mara nyingi akiwa hai. Wa nyavu anaweza kufa usiku akaloweka mpaka wavuvi waje kutegua, na maji ya ziwa letu si ya baridi. Jibu si lazima alijue, ila akilijua umepata muuzaji.

#9 Sheria_Mkononi

Nyongeza. Beba futi kamba. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kisheria, na ukikutwa naye huwezi kujitetea kwamba wewe ni mla tu. Mnakumbuka 2018 rula ya maofisa uvuvi ilifika mpaka kwenye mgahawa wa Bunge Dodoma, samaki kashapikwa anapimwa kwenye sahani.

#10 Kiti_Cha_Mbele

Nilicheka siku ile mpaka nikasahau nina njaa.

#11 Mkwaruzo

Mbali na sheria, hata kwa mapishi mdogo hana faida: maji mengi, nyama haijashikana. Mkubwa kupita kiasi naye ni mafuta matupu na nyama ya nyuzinyuzi. Mimi nikila kwangu nachukua wa kilo tatu mpaka sita. Hao wa kilo mia wanaopigwa picha ni wa kushangaa tu.

#12 Mama_Igombe

Hodi humu. Nimekaanga sangara mwalo wa Igombe, Mwanza, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni, sasa yuko chuo. Mkwaruzo kasema ya samaki, mimi naomba niseme ya huyu kijana.

Mwanangu, ndimu nane? Usiku kucha? Wewe hukumkolezesha samaki, ulimpika bila moto. Ndimu inaigeuza nyama, inakuwa nyeupe kama chaki, inapoteza mshiko. Ukimtia motoni anamomonyoka. Sangara ndimu yake ni robo saa kabla ya kukaanga, kipande kimoja au viwili kwa samaki mzima, tena bora imkute mezani.

La pili, maji ya moto kumyeyusha. Nje anaiva, ndani bado jiwe. Aliyeganda anahamishwa kutoka friza kwenda friji jana yake, kwenye beseni lenye chujio, maji yadondoke chini asiyalalie. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mtie kwenye maji baridi, badilisha kila nusu saa.

La tatu, maji manne. Nyama iliyokwisha kukatwa haifuliwi kama shati. Samaki anaoshwa akiwa mzima, akishapandwa kisu anafutwa. Shombo haitoki kwa maji, inatoka kwa kuondoa kinachonuka. Nacho kiko sehemu nne: mashavu, ile damu nyeusi iliyoganda kwenye uti wa mgongo, ngozi nyembamba ya ndani ya tumbo, na mafuta. Pasua ule utando unaofunika uti wa mgongo kwa ncha ya kisu, kwangua damu kwa kijiko mpaka uone mfupa. Hapo umemaliza shombo bila ndimu hata moja.

#13 Mkwaruzo

Mama kamaliza. Naongeza moja tu: ukitoa mnofu na ngozi, utaona mstari wa nyama nyekundu iliyokoza katikati, upande wa ngozi. Kiwandani tulikuwa tunaukata, kwa sababu ndio unaobeba harufu na ndio unaotangulia kuharibika. Na ukipitisha kidole kwenye mnofu upande wa kichwani utakutana na miiba michache iliyosimama mstari mmoja. Kata ukanda mwembamba pande zote mbili, utoe mstari wote. Baada ya hapo unampa hata mtoto. Ndiyo raha ya sangara, hana ile miiba ya kushona kooni.

#14 Mpwani_Halisi

Nakiri sikujua ya damu ya mgongoni. Ila swali: mbona huku mjini minofu myeupe isiyo na ngozi inauzwa kwa jina la chewa, bei ya chewa? Nimekula sehemu mbili tofauti, moyo unaniambia ni sangara.

#15 Mkwaruzo

Moyo wako unaweza kuwa sahihi. Mnofu ukishavuliwa ngozi, hata mimi kwa macho napata shida. Kinga ni moja: ukitaka chewa nunua chewa mwenye ngozi. Halafu angalia maajabu yenu: akiitwa chewa mnamsifia, akiitwa sangara ni sponji.

#16 Mpwani_Halisi

Hapo umenipiga chini ya mkanda, nimekaa kimya.

#17 Nyuki_wa_Dunga

Salamu kutoka Kisumu. Huku huyo tunamwita mbuta. Mnaongea minofu tu, na mgongo wazi je? Mifupa ikishatolewa minofu kiwandani, akina mama wa Obunga wanaichukua, wanaikaanga mpaka inakauka, mwananchi wa kawaida anakula na ugali na sukuma wiki. Nyama ya kati ya mbavu ndiyo tamu kuliko hiyo minofu inayopanda ndege.

#18 Mama_Igombe

Kwetu hayo ni mapanki, jirani. Nimelea watoto kwa mapanki. Kuna watu wanayasikia jina wanakunja pua, wakati shida haikuwa panki, shida ni panki lililolala juani bila barafu. Lililotoka kiwandani asubuhi na kukaangwa asubuhi, nani atalikataa?

#19 Mkwaruzo

Barafu, barafu, barafu. Wakubwa wetu kazini walikuwa wakali kwa sababu walishaonja adhabu. Mwaka 1999 Ulaya walifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya watu kugundulika wanavua kwa sumu za wadudu. Tangu hapo ukaguzi ukawa wa kweli. Mimi nimeingia baadaye, nimekuta kanuni iko ukutani: uzito wa samaki na uzito wa barafu visipishane. Kilo kumi za samaki, kilo kumi za barafu. Sasa nenda masoko yetu uone kilo kumi na vipande vitatu vya mapambo.

#20 Kisu_Butu

Samahani nitoke nje ya mada. Hivi sangara ni wa asili Ziwa Victoria? Babu yangu alikuwa anasema alipokuwa kijana hawakumjua.

#21 Sheria_Mkononi

Babu alisema kweli. Aliletwa miaka ya 1950, enzi za Waingereza, kutoka maji mengine. Akakaa kimya, miaka ya 1980 akalipuka. Aliwamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, wa aina nyingi sana, ila ndiye aliyeleta viwanda na ajira. Ukitaka ugomvi Mwanza, uliza kama ni baraka au laana.

#22 Mwana_Kigoma

Na sisi wa Ziwa Tanganyika tumsemee ndugu yake: mgebuka. Ni ukoo mmoja na sangara, mwembamba tu, hana kiburi cha mafuta. Mgebuka wa kubanika haoshwi wala hapambwi. Nimemaliza.

#23 Bwana_Sufuria

Jamani nasoma huku naandika kwenye daftari, mke wangu ananicheka. Naomba sasa mpangilio wa Jumapili. Nikimpata mzuri nifanye nini hatua kwa hatua? Na nazi niweke au nisiweke?

#24 Mama_Igombe

Haya kaa kitako.

Magamba ya sangara ni magumu, yanaruka mpaka kwenye nywele. Mlowanishe, shika mkia kwa kitambaa chenye chumvi asiteleze, para kutoka mkiani kwenda kichwani kwa mgongo wa kisu. Kwanza kata mapezi ya mgongoni kwa mkasi, yale yanachoma na jeraha lake linavimba. Tumbo kama bado halijapasuliwa, anzia tundu la haja kwenda kidevuni, kisu juujuu usiguse nyongo. Nyongo ikipasuka sehemu yote iliyoguswa ikate uitupe, usijidanganye utaiosha.

Kichwa usitupe! Kichwa ni cha mzee. Toa mashavu yote mekundu, yakibaki supu inakuwa chungu. Kipasue katikati kwa panga, osha damu.

Mwili ukate mapande ya unene wa vidole viwili. Ukikata membamba yanakauka, mazito zaidi ya hapo nje yanaungua ndani mabichi. Tia chumvi, acha dakika ishirini, utaona machozi yametoka. Yafute kwa kitambaa kikavu, kila kipande, pande zote. Hapa ndipo mafuta yako yaliruka ukutani: maji na mafuta hayaketi pamoja.

Mafuta yawe mengi na yawe ya moto. Chomeka ncha ya mwiko mkavu, ikitoa mapovu madogo mfululizo, tayari. Weka vipande vichache, kikaango kisijae, ukijaza mafuta yanapoa samaki anachemka. Halafu ondoa mikono! Usimguse. Kijana anayekaanga samaki anatamani kugeuza kila dakika, ndiyo maana wanakatika. Akiwa tayari kugeuzwa anajiachia mwenyewe, pembeni utaona rangi ya dhahabu imepanda mpaka nusu. Geuza mara moja tu.

Sasa nazi. Kwa watu wa pwani ningekwambia sawa: kaanga kwanza, pika mchuzi wako na tui la pili uive peke yake, mwisho tia tui zito na samaki, dakika tano, usikoroge, tikisa sufuria kwa masikio yake. Lakini unampikia mzee wa Sengerema. Mzee huyo hakulelewa na nazi. Mpikie kichwa chukuchuku.

#25 Bwana_Sufuria

Chukuchuku tu mama? Si ataona nimembania?

#26 Mama_Igombe

Utambania ukimfunikia samaki kwa viungo. Sikiliza. Kichwa kwenye sufuria na maji ya baridi yamfunike, siyo ya moto, utamu utoke polepole. Chumvi, kitunguu kimoja kikatwe nne, kipande cha tangawizi kama kidole gumba. Kikianza kuchemka punguza moto, povu la kijivu engua. Kiwe kinatikisika, kisichafuke. Ukikichemsha kwa fujo supu inakuwa ya maziwa na mafuta yote yanachanganyika humo. Dakika ishirini na tano, tia nyanya mbili na pilipili nzima usiipasue. Dakika kumi nyingine, zima. Ndimu iwe kwenye sahani pembeni, kila mtu na mkono wake. Ugali uwe mgumu. Ukipata wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, Mungu akupe nini tena.

#27 Mkwaruzo

Hapo kwenye udaga nimekumbuka nyumbani, nazima simu.

#28 Bwana_Sufuria

MREJESHO WA IJUMAA. Nimeambiwa mzigo wa muuzaji mmoja unaingia Ijumaa alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu niko mlangoni. Kasha limefunguliwa mbele yangu, barafu imesagwa, samaki wamelala kichwa huku mkia kule. Nikamchukua wa kwanza: jicho limezama. Nikarudisha. Wa pili jicho zuri, nikabonyeza mgongo, shimo likabaki. Nikarudisha. Wa tatu nikafunua shavu nikaingiza pua, muuzaji akasema, "Kaka, unanunua samaki au unamfanyia upasuaji?" Nikamuuliza kama ni wa migonzo. Akaninyamazia, akainama chini kabisa ya kasha, akatoa mwingine: "Chukua huyu, hao waachie wenzako."

Kilo nne na robo, 13,000 kwa kilo, nimetoa 55,000. Futi kamba inasema sentimita 69, Sheria_Mkononi lala salama. Jicho lile la duara la njano nimeliona kwa macho yangu. Tumbo lilishapasuliwa, bondo hakuna, ila lilikuwa limeshindiliwa barafu mpaka kooni.

Swali la haraka: leo Ijumaa, mapishi Jumapili. Nigandishe au?

#29 Mkwaruzo

Usigandishe. Toa mashavu leo, kwangua ile damu leo, mwache mzima. Jaza barafu tumboni, mlaze kwenye chujio juu ya beseni, barafu juu yake, mfunike, sehemu ya chini kabisa ya friji. Mwaga maji, ongeza barafu asubuhi na jioni. Kukata na chumvi ni Jumapili. Mkia na kipande kitakachobaki ndicho ugandishe: kikavu, mfuko bapa, hewa yote itoke, andika tarehe. Chenye mafuta kisipitishe miezi miwili.

#30 Kiti_Cha_Mbele

Kambi bado ipo, tunasubiri Jumapili kama fainali.

#31 Bwana_Sufuria

MREJESHO WA JUMAPILI.

Kupara kumenichukua saa nzima, na kidole kimoja nimekichoma kwenye pezi kwa sababu nilianza magamba kabla ya kukata mapezi. Mama alishasema, mimi nikasahau. Damu ya uti wa mgongo imejaa kijiko kizima cha chai. Wiki iliyopita nililisha watu kile kitu.

Kukaanga: kundi la kwanza nilishindwa kuvumilia nikageuza mapema, vipande viwili vikavunjika, nimekula mimi jikoni nimesimama. Kundi la pili nilitoka nje kabisa nikaenda kumwagilia mchicha. Niliporudi, vimejiachia vyenyewe. Vigumu nje, ndani vinafunguka vipande vipande vyeupe, unyevu upo.

Kichwa nimepika chukuchuku kama nilivyoagizwa, karibu kilo nzima kichwa peke yake. Udaga mama mkwe alikuja nao kwenye mkoba, sijui alijuaje. Nimeweka bakuli mbele ya mzee, nikakaa pembeni najifanya naangalia simu. Akanusa kwanza. Akavunja ugali. Akaanza na ile nyama ya nyuma ya taya, akanyonya mfupa mmoja baada ya mwingine anaupanga pembeni ya sahani kama anahesabu. Hakusema neno dakika ishirini. Kisha akasukuma bakuli kwangu kuomba supu nyingine, akaniambia:

"Huyu alikufa juzi."

#32 Nyuki_wa_Dunga

Hahahaha, hiyo ni digrii ya heshima, bwana!

#33 Mpwani_Halisi

Mkuu naomba namba ya huyo muuzaji wa Ijumaa. Naulizia kwa ajili ya rafiki.

#34 Bwana_Sufuria

Njoo kwenye ujumbe binafsi. Mwambie huyo rafiki asisahau kuingiza pua.

#35 Mama_Igombe

Hongera mwanangu. Na mafuta uliyokaangia yaliishia wapi? Usije ukayapikia maandazi.

#36 Bwana_Sufuria

Mama, nimeshayachuja nikayarudisha kwenye dumu la kawaida…